Nilivyozipata protini za mzio ndani ya stroberi

Wanaochunguza karanga hawajui raha waliyo nayo. Stroberi ni maji, sukari na asidi. Protini haifiki hata gramu 1 katika kila gramu 100. Na hicho kidogo hakitoki kwa hiari. Ukiliponda tunda hivi hivi, polifenoli, kemikali za mmea zinazoleta ukakasi, hung'ang'ania protini, mchuzi hugeuka kahawia, pektini, ile inayogandisha jamu, huufanya mzito kama uji, na kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa huoni mistari bali doa refu la uchafu.

Kwa hiyo niliyagandisha matunda kwa naitrojeni kimiminika, nikayasaga yakiwa magumu hivyo hivyo, kisha nikausuuza ule unga wa waridi kwa asetoni baridi hadi rangi ikakaribia kuisha. Ndipo nikaingiza fenoli, kiyeyusho kinachojitenga na maji: protini huhamia humo, sukari na pektini zikabaki majini. Mwishoni nikapata mashapo meupe kidogo mno chini ya kichupa. Yalitosha.

Jeli ilitoa mstari karibu na kilodaltoni 17 (kipimo cha uzito wa molekuli), mahali pa Fra a 1, protini ya mzio ya stroberi iliyo jamaa ya protini ya chavua ya mti wa betula. Na mwingine hafifu karibu na 9, mahali pa Fra a 3, protini yake nyingine ya mzio. Lakini ukubwa pekee si ushahidi. Nilizihamishia protini kwenye utando, nikazilowesha kwa seramu, yaani majimaji ya damu, za watu wenye mzio walioridhia, nione kingamwili zao za IgE, zile za mzio, zitashika wapi. Zikashika kila mahali! Mistari mizito ya juu iliwaka kuliko yote, nami sikuiamini: mara nyingi IgE hushika sukari zilizobandikwa kwenye protini za mimea, na hizo kwa kawaida hazimdhuru mtu. Nikaichanganya seramu kwanza na bromelaini, protini ya nanasi yenye sukari za aina hiyo. Mistari ya juu ikafifia, ya chini ikabaki. Nikaikata, nikaimeng'enya kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, na spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa vipande hivyo, ikathibitisha majina.

Bado seramu kadhaa zilikaa kimya kwenye 17, ilhali wenyewe huwashwa mdomo wakila stroberi mbichi. IgE ya Fra a 1 hutambua umbo lililokunjwa, na sabuni iliyo kwenye jeli ile hulikunjua. Hizo nilizipima upya kwa kudondoshea utandoni mchuzi uliokamuliwa bila fenoli wala sabuni, polifenoli zikiwa zimenaswa kwa unga wa PVPP, na nyingi zikajibu.