Dizeli imeshuka, eti tupongezwe

Leo nimekaa na ripoti ya mazingira ya kiwanda chetu cha kutia rangi vitambaa tangu saa mbili asubuhi mpaka giza limeingia, chai imepoa vikombe vitatu, na sentensi moja tu ndo inanishinda, ile ya kwa nini dizeli yetu imepungua. Bosi anataka isomeke "kutokana na jitihada za kampuni". Mi naandika nafuta, naandika nafuta.

Ishu iko hivi. Mwaka wetu wa msingi, ule tunaojilinganisha nao, ni 2023. Wa Dar mnakumbuka mwisho wa 2023, mgao kila siku, jenereta letu linanguruma mchana na usiku, boza la mafuta linaingia getini mpaka mlinzi akawa anamtania dereva. Kila lita mlinzi kaiandika kwenye kaunta buku, na hilo kaunta buku ndo "mfumo wa data" unaotajwa kwenye ripoti kwa maneno makubwa, mi nalijua, lina duara la kikombe kwenye jalada na kurasa mbili za Novemba zimelowa mafuta hazisomeki, ikabidi nikafukue risiti kwa mhasibu.

Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa hewa ya ukaa kama kilo 2.7. Nilipomwambia mzee anayeangalia mabwawa ya majitaka ya kiwanda akacheka, "Mwanangu, lita yenyewe haifiki kilo, hizo zingine zimetoka wapi?" Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kwenye vikao. Nikamweleza kwamba kaboni ikiungua inashikana na oksijeni ya hewani, na uzito mwingi ni wa hiyo oksijeni. Akatikisa kichwa, sijui kama alikubali au alinihurumia.

Basi Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji ukaanza kuzalisha, mingine ikafuata, mradi mzima ni megawati 2,115, mgao ukaisha na jenereta likanyamaza. Tena umeme wa gridi wenyewe ukawa na maji mengi zaidi na gesi kidogo, kwa hiyo hata Skopu 2, yaani hewa chafu ya umeme tunaonunua, ikashuka bila sisi kubadilisha hata balbu. Grafu yangu ya Eksel inateremka vizuri mno, bosi kaipenda anataka ikae jaladani. Jitihada za kampuni! Jitihada za mto labda.

Sisemi ni uongo. Namba ni za kweli, mteja wa Ulaya anayezidai kabla ya kutoa oda akizikagua atazikuta ziko sawa. Ila ukianza kuhesabu kutoka mwaka mbaya lazima uonekane umeendelea, ni kama kujipima uzito usiku wa Idi halafu wiki ijayo unatangazia watu umepungua.

Kitu ambacho ni chetu kabisa ni maji. Tunatia rangi vitambaa, maji yake yanapita mabwawa manne ndo yatoke mferejini. Kiwango cha nchi, usichotakiwa kukipita, ni COD (oksijeni inayohitajika kuvunja uchafu wa majini kwa kemikali) miligramu 60 kwa lita, BOD (oksijeni ambayo vijidudu wanatumia kuula huo uchafu) 30, na pH, kipimo cha ukali wa asidi, kati ya 6.5 na 8.5 (BOD yenyewe inakaa maabara siku 5 kabla hujapata jibu, maji yenyewe yalishaenda zake). Ripoti inasema tumefaulu, na kweli tumefaulu, siku tulizopima. Sampuli karibu zote zilichukuliwa Jumatatu asubuhi, na Jumapili hatutii rangi. Hakuna aliyewahi kuuliza, hata mi sikugundua mpaka mzee aliponiambia kwa sauti ya chini tukiwa tunaangalia povu, "Njoo Alhamisi alfajiri, wakimwaga rangi nyeusi". Nikaenda. Maji ya bwawa la mwisho yalikuwa kama chai ya rangi iliyochemka sana, yana uvuguvugu mkononi, na COD ikarudi zaidi ya mara mbili ya kiwango. Chupa moja bado iko mezani kwangu, mgeni mmoja alidhani ni dawa ya kifua.

Sasa kwenye ripoti hewa imejaza kurasa na picha za miti tuliyopanda, maji yana jedwali moja kwenye kiambatisho. Nikamwomba bosi tuongeze safu moja tu, siku na saa ya kila sampuli. "Dada'angu, usitutafutie makubwa." Simlaumu sana, tenki kubwa la kukusanyia ili ile nyeusi isiingie mabwawani kwa mkupuo ni hela ndefu, na safu hiyo ikikaa pale mtu atauliza tenki liko wapi.

Saa nne usiku sa hivi. Nimeandika "matumizi ya dizeli yamepungua baada ya umeme wa gridi kutengemaa", nimeacha hivyo, akitaka afute mwenyewe. Safu nayo nimeiweka. Kesho ni Alhamisi, chupa tatu nimeshazisuuza ziko kwenye begi, mzee kasema saa kumi na moja atakuwa geti la nyuma.