Kahawa ing'olewe au ibaki?

Kila Desemba ukoo ukirudi Kibosho, Kilimanjaro, ubishi ni ule ule: kahawa ya kihambani, yaani shamba la ukoo la Kichagga, ing'olewe ipandwe parachichi, au ibaki? Kaka yangu anapanda kutoka Moshi mjini na hesabu zake. Baba mdogo anamsikiliza nusu nusu, kisha anamkumbusha kwamba kahawa hiyo ndiyo iliyomsomesha. Mwaka jana nikaomba nisimamie mimi. Walikubali upesi, nadhani kwa sababu mimi ni binti na kimila kihamba hakinihusu.

Niliweka sharti moja: humjibu mwenzako mpaka urudie hoja yake, naye akiri kwamba ndivyo alivyosema.

Kaka akaanza. "Baba mdogo anasema kahawa inalipa."

"Sijasema hivyo."

Akajaribu tena, akakataliwa tena. Kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ilizunguka sana kabla jambo lenyewe halijatoka. Mzee anajua fika kahawa hailipi kama zamani. Anachohofia ni kwamba mibuni ikishaondoka migomba itafuata, kisha makaburi ya babu, na mwisho kihamba kigeuke viwanja vya kuuza. Zamu ya mzee ilipofika, ikaonekana kaka naye hana ugomvi na kahawa. Amechoka kutuma hela ya dawa ya chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni, kwa mibuni iliyozeeka.

Mwanahisabati Robert Aumann alionyesha mwaka 1976 kwamba watu wawili wenye kufikiri sawasawa, wakianza na makadirio yale yale na misimamo yao ikiwa wazi kwa wote wawili, hawawezi kubaki wakipingana. Kwetu hawakuanza pamoja hata kidogo. Mmoja alikuwa akijibu swali la pesa, mwingine la ardhi, na kwa mtindo huo wangebishana hadi Pasaka.

Nikawauliza: nini kingekubadilisha mawazo? Kaka akasema, miche isiyodai dawa kila msimu. Ipo, TaCRI, kituo cha utafiti wa kahawa pale Lyamungu, wametoa aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Baba mdogo alitaka neno moja tu, kwamba makaburi hayaguswi.

Basi mibuni mikongwe ya juu itapisha miche ya Lyamungu, parachichi zitakaa chini kando ya mfongo, mfereji wa maji. Shangazi akadai daftari, wote wakatia saini. Nani analipia miche, hilo bado wanavutana.