Nilivyojenga deki ya bluu ya Pauper: kila kadi ilipe mara mbili

Deki yangu ya Pauper, yaani seti yangu ya kadi za mchezo wa Magic: The Gathering, ni ya rangi moja, bluu, na niliijenga kwa sharti moja: kadi isiyo ardhi (kadi inayotoa mana, nguvu ya kulipia kadi nyingine) wala kiumbe lazima ilipe mara mbili, kwanza inapotumika, kisha inapokuwa imelala makaburini, pale zinapowekwa kadi zilizokwisha kutumika au kutupwa. Kwa sharti hilo niliingia mashindanoni nikiielewa deki yangu kadi kwa kadi, na hapa nataka kueleza nilivyolifuata, pamoja na hesabu zake.

Pauper ni mfumo wa Magic: The Gathering unaoruhusu kadi za daraja la kawaida peke yake. Deki ina kadi zisizopungua 60, hakuna kadi inayozidi nakala 4 isipokuwa ardhi za msingi, na pembeni una akiba ya kadi zisizozidi 15 za kubadilisha baada ya mchezo wa kwanza. Mchezo wenyewe ulibuniwa na Richard Garfield na ulianza kuuzwa mwaka 1993, hivyo kadi za kawaida zilizokusanyika tangu wakati huo ni maelfu, na baadhi yake ni kali kweli: Lightning Bolt, Counterspell (inayozima kadi ya mpinzani inapotumwa), Brainstorm. Usidhani kwamba kwa kuwa ni kadi za kawaida basi mchezo ni mwepesi. Kila anayekaa mbele yako ana kadi nzuri mkononi, kwa hiyo ushindi unatafutwa katika namna kadi zinavyosaidiana.

Nilianzia kwa Tolarian Terror, kiumbe aliyetoka mwaka 2022 katika toleo la Dominaria United. Gharama yake iliyoandikwa ni mana 7, lakini hupungua kwa mana 1 kwa kila kadi ya uchawi iliyo makaburini mwako, iwe ya papo kwa papo au ya kutumika katika zamu yako tu. Zikifika 6, unamleta kwa mana moja ya bluu. Ni 5/5, yaani pigo lake ni 5 na uimara wake ni 5, kwa hiyo Lightning Bolt yenye pigo la 3 haimwangushi, na mpinzani akitaka kumlenga lazima alipe mana 2 za ziada, asipolipa kitendo chake kinazimwa. Nyuma yake nikaweka Cryptic Serpent, 6/5, anayepungua gharama kwa njia ileile ila hashuki chini ya mana mbili za bluu na hana kinga ile. Wanne kwa wanne. Mpinzani mwenye uhai 20 anakufa kwa mashambulizi manne ya Terror mmoja, au mawili wakiwa wawili.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuyajaza makaburi haraka. Thought Scour na Mental Note zinagharimu mana 1 kila moja, zinamwaga kadi 2 kutoka juu ya rundo lako la kuchotea hadi makaburini, halafu unachota kadi 1. Nilikaa na kalamu. Katika deki yangu kadi za uchawi ni 32 kati ya 60, zaidi kidogo ya nusu. Basi Thought Scour moja inaweka makaburini kadi moja ya uchawi kwa uhakika, yaani yenyewe, na kwa wastani nyingine moja na ziada kidogo katika zile mbili zilizomwagwa. Tumia moja zamu ya kwanza na nyingine zamu ya pili, na zamu ya tatu una kadi kama nne makaburini. Terror anagharimu 3, na ardhi tatu unazo. Hapo ndipo nilipojua kwamba deki hii inaweza kwenda kasi ninayoitaka.

Wastani ni wastani tu, na mchezo mmoja hauishi kwa wastani. Ndiyo maana naipenda sana Brainstorm humu. Inakupa kadi 3, kisha unarudisha 2 juu ya rundo kwa mpangilio unaoutaka. Katika zamu ya pili, ukiwa na mana mbili, tumia Brainstorm, rudisha kadi mbili za uchawi usizozihitaji, kisha tumia Thought Scour ujilenge mwenyewe: zile mbili zinamwagwa makaburini na unachota kadi mpya. Sasa makaburini kuna Brainstorm, Thought Scour na hizo mbili, jumla nne, bila kubahatisha. Zamu inayofuata Terror yuko mezani. Mpango huu ndio ulionithibitishia kwamba sharti langu linafanya kazi, kwa sababu hata kadi zilizokuwa mzigo mkononi zilipata thamani.

Ardhi zilinichukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Niliweka Island 16, ardhi ya msingi inayotoa mana ya bluu, idadi ambayo ukiitazama peke yake inatisha: katika kadi 7 za kwanza, uwezekano wa kupata ardhi moja au kukosa kabisa ni asilimia 39 hivi. Ukiwa na ardhi 18 ni asilimia 31, na ukiwa na 20 ni 25. Jibu langu lilikuwa Lórien Revealed, nakala nne. Hii ni kadi ya uchawi ya mana 5 inayokupa kadi 3, lakini pia unaweza kulipa mana 1, ukaitupa, ukatafuta Island ndani ya rundo. Ukiitupa inaingia makaburini, na Terror anaihesabu kama nyingine yoyote. Kwa hiyo nilikuwa na kadi 20 za kufanya kazi ya ardhi, huku nne kati yake zikihesabiwa pia kama uchawi. Baada ya kutafuta Island unachanga rundo upya, na hilo lina faida yake: zile kadi mbili mbaya ulizozirudisha kwa Brainstorm zinapotea, na huzichoti tena katika zamu zinazofuata. Tahadhari ni moja. Mkono wenye Lórien mbili na usio na Island hata moja ni mkono usio na ardhi, kwa sababu mana ya kuitupa haitoki hewani. Mkono wa namna hiyo ninaurudisha.

Kuhusu kurudisha mkono, kanuni iliyopo tangu mwaka 2019 inasaidia deki hii: unachota kadi 7 upya, kisha unaweka chini ya rundo kadi moja kwa kila mara uliyorudisha. Ukichagua 6 bora kati ya 7, deki yenye kadi nyingi za kuchota inajikwamua vizuri. Mazoezi yangu mengi yalikuwa ya hapo tu. Nilichanga, nikatazama kadi saba, nikaamua kuzibakiza au kuzirudisha, nikaandika sababu, nikachanga tena. Ni kazi ya kuchosha, lakini jicho linazoea. Island moja pamoja na Ponder (uchawi wa mana 1 wa kutazama na kupanga kadi za juu ya rundo) na Lórien naibakiza nikiwa wa pili kucheza. Island moja na Counterspell mbili, hapana.

Delver of Secrets alizua mjadala mrefu kati yangu na rafiki ninayefanya naye mazoezi. Ni kiumbe wa mana 1, 1/1, na mwanzoni mwa kila zamu yako unatazama kadi ya juu ya rundo. Ikiwa ya uchawi, ukaionyesha, anageuka kuwa 3/2 anayeruka. Kwa kadi 32 kati ya 60, uwezekano wa kugeuka bila maandalizi yoyote ni asilimia 53, na kwa Ponder au Brainstorm unaupandisha. Rafiki yangu alishikilia kwamba Delver anakufa upesi mno na nafasi zake nne zingefaa kadi za kuzima. Hoja yake ina uzito. Mimi nilimbakiza kwa sababu hategemei makaburi hata kidogo. Mpinzani anayekuja na Relic of Progenitus au Bojuka Bog ili kuyafuta makaburi yangu hupunguza kasi ya Terror na Serpent, lakini Delver anaendelea kupiga 3 kila zamu kutoka angani.

Rangi ya pili sikuitaka. Nyeusi ingenipa Snuff Out ya kuua viumbe, nyekundu ingenipa Lightning Bolt, na wapo wanaoshinda kwa mchanganyiko huo. Lakini Counterspell inadai mana mbili za bluu, nami naitaka tayari zamu ya pili. Frank Karsten, mchezaji aliyefanya hesabu nyingi za ardhi katika mchezo huu, anapendekeza vyanzo 20 hivi vya rangi hiyo katika deki ya kadi 60 ili kadi ya aina hiyo itumike kwa wakati. Nikiwa na bluu tupu, kila ardhi ni chanzo, na hakuna ardhi inayoingia mezani ikiwa haiwezi kutoa mana zamu hiyo. Kwa kuondoa viumbe vilivyokwisha kuingia nilitegemea Deem Inferior, nakala tatu. Gharama yake ya mana 4 hupungua kwa kila kadi uliyochota zamu hiyo, kwa hiyo ukishachota kadi yako ya kawaida na kutumia Brainstorm, inabaki mana moja ya bluu.

Kadi iliyoniuma kuiacha ni Mulldrifter. Inachota kadi mbili, inaruka, na ni nzuri katika deki nyingi. Lakini ni kiumbe, na ikifa haimpunguzii Terror chochote. Sharti langu linaachia viumbe, lakini kadi ninayoiweka kwa ajili ya kuchota nilitaka ilipe makaburini pia.

Akiba nayo niliijenga kwa mizani ileile, na nadhani hapa ndipo wajenzi wengi wanapolegea. Pambano la michezo mitatu lina mchezo mmoja tu wa kabla ya mabadiliko. Ukimaliza kwa 2–0, nusu ya michezo yako imechezwa na kadi za akiba, na ukimaliza kwa 2–1 ni theluthi mbili. Kwa hiyo kadi 15 za pembeni ni deki kama zile 60.

Dhidi ya nyekundu, kwa mfano, kuna kadi mbili zinazofanana sana, Hydroblast na Blue Elemental Blast. Zote ni za mana 1, zote zinazima kadi nyekundu au kuangamiza kitu chekundu kilicho mezani. Lakini Blue Elemental Blast lazima ilenge kitu chekundu, ilhali Hydroblast inaweza kulenga uchawi wowote na kuuzima ikiwa tu ni mwekundu. Naweza kutumia Thought Scour yangu mwenyewe, nikailenga kwa Hydroblast, kisitokee kitu, lakini Hydroblast ikaingia makaburini na Terror akapungua bei. Basi Hydroblast zinakuwa nne kwanza, na Blue Elemental Blast zinafuata. Deki ya moto inahitaji Lightning Bolt saba kumaliza uhai 20, na kila moja ninayoizima kwa mana moja inaninunulia muda wa Terror kufika.

Annul niliiweka kwa ajili ya deki za vifaa, kwa kuwa inazima kifaa chochote kinapotumwa. Faida yake nyingine ni kwamba inaizuia Relic of Progenitus, adui mkubwa wa makaburi yangu.

Relic ikishaingia mezani bado si mwisho, mradi ujue kanuni. Uchawi wangu ukimaliza kufanya kazi katika zamu yangu, nafasi ya kutenda inarudi kwangu kwanza. Nikitumia Thought Scour na makaburi yakajaa, naweza kumtuma Terror hapohapo, na gharama yake inafungwa ninapomtangaza. Mpinzani hana mwanya wa kufuta makaburi kati ya hayo mawili. Ili anizuie lazima aitumie Relic mapema, Thought Scour ikiwa bado inasubiri kufanya kazi, na wengi husita kuitoa kadi yao muhimu kwa ajili ya mtu anayechota kadi moja. Katika mashindano hali hiyo ilinitokea dhidi ya deki ya vifaa. Nilikuwa na ardhi nne, mpinzani ameiacha Relic ikiwa tayari. Nilitumia Thought Scour, alitazama, akaacha ipite. Zilianguka kadi mbili za uchawi, jumla ikafika nne, nikamtuma Terror kwa mana 3 zilizobaki. Aliyafuta makaburi yote baadaye, lakini 5/5 alikuwa ameshakaa mezani na Myr Enforcer wake, 4/4, hakuweza kumkabili.

Nilifika nane bora na nikatolewa hapo na deki ya Elves, inayomwaga viumbe wadogo wengi kuliko ninavyoweza kuzima mmoja mmoja. Hilo ndilo pengo la kweli la bluu tupu. Kwenye akiba nimeongeza Echoing Truth, inayorudisha mkononi kitu kimoja pamoja na vyote vyenye jina hilo, na ni ya papo kwa papo, kwa hiyo inatimiza sharti. Kwenye deki yenyewe kuna nafasi moja tu ninayoibadilisha mara kwa mara, kati ya Dispel, inayozima uchawi wa papo kwa papo, na Spell Pierce, inayozima kadi isiyo kiumbe mpinzani asipolipa mana za ziada. Nikitarajia wachezaji wengi wa bluu naweka Dispel, nikitarajia vifaa naweka Spell Pierce.