Yeremia Hakusema "Wao"

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kamwene.

Neno letu juma hili ni Yeremia 38:1-13. Mkimaliza, rudini nyuma hadi 14:20.

Jumamosi tuliwapeleka Kalenga wageni wetu wa usharika rafiki wa Ujerumani, waone makumbusho. Mlioingia mle mnajua: fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wetu Wahehe aliyepigana na Wajerumani, limo ndani ya kioo, na ukilitazama unaona kama nalo linakutazama. Kijana mmoja wa kwaya yetu akamgeukia binti wa Kijerumani, umri wake kama wa mwanangu wa mwisho, akamwuliza polepole ili aelewe: "Kwa nini mlimkata kichwa?" Binti akafungua mdomo, akaufunga. Machozi yakamtoka. Nami, mzee wa kanisa mzima, nikajifanya nasoma maandishi ya ukutani.

Tangu siku hiyo nasumbuliwa na herufi moja, ile "m" ya mwanzo katika "mlimkata".

Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe akiwa hai, na kichwa chake kilikatwa na watu wa jeshi la Kijerumani. Hilo halina ubishi. Lakini binti huyu amezaliwa zaidi ya miaka mia baadaye. Je, yumo ndani ya hiyo "m"?

Wakubwa wa dunia walishalijibu swali hili kwa kalamu. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 231, uliitwika Ujerumani na washirika wake hasara yote ya Vita Kuu ya Kwanza. Shukeni vifungu kumi na vitano tu, mtamkuta babu yetu: kifungu cha 246 kinaitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa Waingereza. Lawama ya taifa zima na kichwa cha mtu mmoja, vyote katika mkataba mmoja. Fuvu lenyewe likarudi 1954. Ila wapagazi wetu, waliokufa njiani kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili, hao hamtawaona katika kifungu cha 231. Aliyeshika kalamu hakujiandika.

Sasa Yeremia. Yerusalemu imezingirwa na Wakaldayo, mkate unakaribia kwisha, naye nabii anawaambia watu kwamba atakayetoka na kujisalimisha ataishi. Wakuu wakamwendea mfalme Sedekia: mtu huyu auawe, anailegeza mikono ya askari. Shtaka hilo halijazeeka. Kila nchi inayoingia vitani huwa nalo mfukoni, tayari kumvisha wa kwanza atakayesema hapana. Wakamshusha shimoni kwa kamba, akazama katika matope. Aliyemtoa ni Ebedmeleki Mkushi, Mwafrika mwenzetu, aliyekumbuka hata kumpa matambara ayaweke kwapani ili kamba isimchubue. (Mimi nampenda sana mtu huyu. Wengi tungetupa kamba tu, tuseme tumesaidia.)

Ujerumani nayo ilikuwa na watu wa shimoni. Tarehe 2 Desemba 1914, bunge lao lilipopigia kura fedha za vita, Karl Liebknecht peke yake alipinga. Mmoja, bunge zima! Baadaye akafungwa. Kwa hiyo tukisema "Wajerumani walitaka vita", tunamtia Liebknecht kapu moja na waliomfunga.

Basi tuseme kila mtu abebe mzigo wake, tufunge kitabu? Yeremia mwenyewe, 31:30, anasema kila mtu atakufa kwa uovu wake mwenyewe. Lakini yeye huyo huyo, 14:20, anaomba: tunakiri uovu wetu na uovu wa baba zetu, maana tumekutenda dhambi. Tumekutenda! Hapo watu wa kwao Anathothi walikwisha kumtishia kifo asitoe unabii. Nani alikuwa na haki kumzidi ya kusema "wamekutenda"?

Oktoba 1945 viongozi wa kanisa la Kiinjili la Ujerumani walikutana Stuttgart, wakakiri makosa mbele ya wageni kutoka makanisa ya nchi nyingine. Mmoja wao alikuwa Martin Niemöller, aliyempokea Hitler vizuri mwanzoni, akaja kumpinga, akakaa kifungoni tangu 1937 hadi 1945. Angeweza kuonyesha siku zake za kifungo kama risiti. Akatia sahihi "tu". Wajerumani wengi walikasirika, na ungamo lenyewe lina kasoro kubwa: Wayahudi hawakutajwa. Hata hivyo naona ile "tu" aliitamka mwenyewe, hakutamkiwa. Kijana wetu pale Kalenga alitaka kumvua mgeni neno ambalo hutolewa kwa hiari.

Nilimweleza mke wangu haya jikoni, nikiwa nimejiridhisha kabisa. Yeye ni Msangu. Akaendelea kuchambua maharage, kisha: "Na ninyi Wahehe, mlipowafukuza babu zetu Utengule wakakimbilia Usafwa, hiyo 'm' ni ya nani?" Ndiyo maana akina Merere, watawala wa Wasangu, waliungana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Jambo hili kwetu Iringa hatulihadithii sana.

Jumapili jioni nikampigia simu baba mkwe, Chimala. Tukaongea mvua, tukaongea mpunga. Mwisho nikajikaza: "Shikamoo tena baba. Nimepiga kusema kwamba sisi tuliwakosea ninyi, kule Utengule."

Kimya. Kisha nikamsikia anacheka taratibu. "Sisi nani, mwanangu? Wewe ulikuwepo?"

Jumatano saa kumi jioni tunasoma sura ya 38 yote. Wageni wanaondoka Alhamisi, hivyo watakuwepo, na kijana wetu wa kwaya ameomba aongoze sala.