Dar hadi Mbeya kwa pikipiki: panga saa kwanza, kilomita baadaye

Dar es Salaam hadi Mbeya ni kama kilomita 830, na wengi wanaopanga kwenda kwa pikipiki huzigawa kwa siku mbili. Hesabu inakubali, barabara inakataa. Ratiba ya njia hii inaamuliwa na sehemu mbili: hifadhi ya wanyama ya Mikumi uikatishe asubuhi jua likiwa limeshapanda, na mlima wa Kitonga uupande mchana kweupe. Ukishaziweka hizo mbili kwenye saa zake, mengine yanajipanga yenyewe: siku ya kwanza Dar hadi Morogoro, kama kilomita 195, ya pili Morogoro hadi Iringa, kama 310, ya tatu Iringa hadi Mbeya, kama 330.

Pikipiki ya cc 150 inatosha kabisa, ila ifungwe mzigo vizuri. Vitu vizito, yaani spana, pampu na maji, vikae chini na karibu na mgongo wako. Nguo na koti la mvua ndivyo vya kwenda nyuma. Mzigo ukilemea mkiani, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kucheza kila lori linapokupita. Funga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, kwa sababu inabana bila kulegea. Zile kamba zenye ndoano hufyatuka kwenye matuta.

Cheni ndiyo inayoharibu safari nyingi. Mafundi hupenda kuikaza pikipiki ikiwa tupu, kisha unapakia, shokamzoba zinashuka, cheni inavutika mpaka inakaza kama waya. Hapo inakula spoketi na beringi, na mwisho hukatika. Kwa hiyo pakia kwanza, mtu akae juu, ndipo upime: sukuma cheni kwa kidole katikati ya upande wa chini, ipande na kushuka kama sentimita 2 hadi 3. Zungusha gurudumu, upime tena sehemu tatu au nne, maana cheni iliyochakaa hukaza upande mmoja na kulegea mwingine. Ikiwa hivyo, badilisha cheni pamoja na spoketi zote mbili. Cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka haifiki mbali. Ipake oili kila jioni ikiwa bado ya moto.

Beba tyubu ya akiba ya saizi ya tairi la nyuma (soma ubavuni mwa tairi, nyingi ni 3.00-17), viraka na gundi, vyuma viwili vya kutolea tairi, waya wa klachi, plagi na kiungio cha cheni. Mafuta piga hesabu ya kilomita 35 kwa lita, hata kama mjini inakupa zaidi, kwa sababu mzigo, upepo na milima vinakula.

Siku ya kwanza ondoka saa 11 alfajiri ili Kibaha na Mlandizi vibaki nyuma kabla foleni haijajaa. Kunywa chai Chalinze. Mchana Morogoro, chini ya Uluguru, kagua nati zote, kwani kilomita mia mbili za kwanza ndizo zinazoonyesha kilicholegea.

Siku ya pili ondoka saa 1 asubuhi. Barabara inapita ndani ya hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50, na twiga, nyati na pundamilia huonekana bila kutoka kwenye lami. Usisimame kupiga picha. Ukikuta tembo barabarani, simama mbali, injini ikiwa inaunguruma, usipige honi, subiri lori au basi lipite, kisha ulifuate kwa nyuma. Usiku usipite humo kabisa.

Baada ya Mikumi mjini joto linapanda, na mibuyu inaanza kujaa pande zote, mto Ruaha Mkuu ukiwa jirani. Hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote vya njia hii. Kula Ruaha Mbuyuni, ila kidogo: ugali mkubwa saa 6 mchana kwenye joto lile huleta usingizi. Chagua kwa mama ntilie ambaye madereva wa malori wamejaa kwake, maana chungu chake hakilali. Vitunguu vya pale vinasifika, lakini gunia liache.

Kitonga upande kwa gia ya pili au ya tatu, injini isilemewe. Kwenye kona tazama lami inayong'aa: ni dizeli iliyomwagika kwenye matangi ya malori, na tairi likiikanyaga umelala. Usilipite lori kwenye kona hata likienda mwendo wa mtu. Ukirudi, shuka kwa gia ileile uliyopandia. Breki ikikanyagwa muda mrefu hupata moto na kuacha kushika.

Kuanzia Iringa ni baridi, hasa Juni na Julai. Mafinga na Makambako upepo unapiga wa ubavuni, kwa hiyo vaa koti la mvua hata pasipo mvua. Chimala ndipo pa kula wali, kwa kuwa mpunga unalimwa huko huko Mbarali. Ukibakiwa na siku, kata kushoto Uyole uteremke Tukuyu: mashamba ya chai, ndizi, parachichi, na mlima Rungwe ukikusindikiza.