Nipunguzie Hapa, Fundi

Kazi ikiisha haraka, mteja anaona ameibiwa. Wiki hii niliitwa kurekebisha mlango uliokuwa ukikwaruza sakafu. Nikaangalia bawaba ya juu: skrubu zake fupi zimelegea, mlango mzima umelala upande mmoja. Nikachomoa moja, nikaweka ndefu inayofika kwenye mbao ngumu nyuma ya fremu, nikakaza. Mlango ukanyanyuka, ukafunga kimya. Mwenye nyumba alikuwa hajamaliza hata kuongea na simu. "Ndiyo hiyo tu? Hela yote hiyo kwa skrubu?"

Ningevua shati, nikaubandua ule mlango, nikaupiga randa kwa chini tangu asubuhi hadi adhuhuri, angenilipa huku akinipa pole. Angebaki na mlango uliopinda na wenye mwanya wa kupitisha panya, lakini jasho langu angeliona.

Mchoraji James Whistler alikutana na swali hilohilo mahakamani London mwaka 1878. Alikuwa amemshtaki mhakiki John Ruskin, aliyemkejeli kwa kudai gini 200, hesabu ya pesa ya Uingereza ya enzi hizo, kwa picha moja. Wakili akambana: kweli unadai gini 200 kwa kazi ya siku mbili? Whistler akajibu kuwa anazidai kwa ujuzi alioupata katika kazi ya maisha yake yote. Sisi mafundi tungelipenda jibu hilo tulibandike ukutani. Shida ni yaliyofuata: alishinda kesi, akapewa fidia ya fathingi moja, yaani robo ya peni, na mwaka uliofuata akafilisika. Jibu zuri halinunui vanishi.

Basi nimeacha kutafuta majibu mazuri. Leo alikuja mama mmoja kuangalia makadirio ya kabati lake la nguo. Makadirio yangu huwa nayaandika kwa mistari: mbao, plaiwudi ya mgongo, bawaba na reli za droo, gundi na msasa, vanishi, usafiri, ufundi. Kidole chake kikaanza kushuka. Mbao, kikapita. Plaiwudi, kikapita. Bawaba na reli, kikapita. Kilipofika kwenye ufundi kikasimama, kikaigonga karatasi, naye akanitazama kama aliyemkuta mwizi akiwa bado dirishani.

"Hii mbona kubwa hivi? Nipunguzie hapa, fundi."

Hapo, si kwingine. Duka la vifaa limeshabandika bei zake, mwenye gari la mizigo naye ana yake na haulizwi. Anayebaki wa kubembelezwa ni mimi.

Hesabu yenyewe haihitaji kalamu. Chukua kazi ya mia moja, ya hela yoyote unayoijua. Vifaa vinakula 60. Usafiri, umeme na kunoa misumeno, 10. Zinabaki 30, na hizo ndizo mshahara wangu. Mteja akiomba punguzo la asilimia 15 anaona ameomba kitu kidogo, na kwake ni kidogo kweli. Kwangu ni nusu ya mshahara, kwa sababu mbao hazipungui bei ati kwa kuwa yeye amenisihi. Kuanzia hapo natengeneza makabati mawili ili nipate nilichopaswa kukipata kwa moja.

Na hiyo 30 usidhani inalala mfukoni salama. Siku ya kwenda kupima chumba hailipwi. Jioni ya kuandika makadirio hailipwi, na makadirio mengi huishia kwenye "nitakupigia". Nikiumwa hakuna anayenilipa nikiwa kitandani. Mtu wa ajira akigawanya hela yangu ya ufundi kwa siku anaona naogelea kwenye pesa. Amesahau kuwa meza yake, kompyuta yake na taa iliyo juu ya kichwa chake vililipiwa na mwajiri kabla mshahara haujamfikia.

Jirani yangu, fundi rangi, ana dawa yake: anapandisha bei mapema ili apate pa kushushia. Anasema kila mtu anaondoka na furaha. Sijawahi kuipenda dawa hiyo. Mteja mpole asiyejua kubishana anaimeza nyongeza yote, mpiga kelele anapewa punguzo; yaani mpole anamlipia mkorofi. Halafu ukishusha bei palepale, kazi ikiwa ileile, umekiri kwa mdomo wako kwamba ile ya kwanza ilikuwa uongo. Safari ijayo atakata zaidi, na sijui utamlaumu kwa lipi.

Sisemi wateja wanalalamika bure. Wapo wenzetu wanaopokea kianzio, kesho yake simu haipatikani. Wapo wanaoandika mbao ngumu, wakaweka laini iliyopakwa rangi ya kuficha. Mbao isiyokauka vizuri haionekani siku ya kukabidhi kabati. Inasinyaa na kupinda taratibu ikiwa ndani ya nyumba, milango inagoma kufunga, na fundi keshahama. Mtu asiye na namna ya kupima kazi atapima bei, kwani namba hiyo angalau anaielewa. Ndiyo sababu naandika mistari yote, ingawa wenzangu wananicheka kuwa najianika, wao wanaandika jumla tu. Mstari wa ufundi ukionekana, utagongwa. Usipoonekana, mteja atahisi umefichwa mahali na atagonga kila kitu. Bora nigongwe mahali pamoja.

Nikamwambia yule mama, "Bei ya kabati hili siwezi kuishusha, mama. Ila kabati lenyewe tunaweza kulipunguza. Una kiasi gani?"

Akanyamaza, kisha akakitaja. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yalipoanza. Droo tano zikawa tatu, maana droo ndiyo inayokula muda kuliko chochote kwenye kabati. Vanishi akasema kijana wake atapaka. Nikamwonyesha jinsi ya kupiga msasa mwembamba kati ya mkono mmoja wa vanishi na mwingine. Mbao za milango hakukubali ziguswe, na nilimpenda kwa hilo. Mstari wa ufundi ukapungua, lakini ulipungua pamoja na kazi yenyewe. Akatoa kianzio bila neno.

Alipokuwa anavaa viatu mlangoni ndipo akasema, "Na kirafu cha viatu pale chini utaniwekea tu, mwanangu. Hicho si kitu."

Ugomvi mwingi wa siku ya kukabidhi kazi huzaliwa na vitu vya namna hiyo, visivyo kitu. Vinatajwa mlangoni, vinatengenezwa kwa ubao wa kweli, vikidaiwa mteja anaapa vilikuwa ndani ya bei. Nikaichukua karatasi tena, nikaandika: kirafu cha viatu, mbao kiasi hiki, ufundi kiasi hiki. Nikamsogezea.

Akaisoma, akacheka. "Basi viatu vitakaa chini."

Nikakikata kile kirafu kwa mstari, tukatia sahihi wote wawili.