Kijana anaposema "sijui"

Ukimuuliza kijana wa miaka 14 "unajisikiaje?" akajibu "sijui", mara nyingi anasema kweli. Tunamwona mjeuri, tunampandishia sauti, naye anazidi kujifunga. Daktari Peter Sifneos aliipa hali hii jina miaka ya 1970: aleksithimia, kukosa maneno ya hisia. Hisia zipo na mwili unazipata, ila mwenyewe hazitambui. Ndiyo maana analalamikia tumbo au kichwa kila wiki, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu.

Kwa wengine akili nayo inahama. Kijana yuko sokoni Mwanga, mjini Kigoma, kelele anazisikia kwa mbali kama aliyezama ziwani, mikono yake anaiona kama ya mtu mwingine. Hiyo ni kinga. Jambo likimzidi, kama kipigo, msiba, au vita walivyovikimbia wengi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ubongo unazima hisia. Tatizo ni kwamba unazima na furaha, na ukizoea, unazima hata mwalimu akifoka kidogo.

Akili yake ikihama hivyo, usimtikise wala kumpiga kofi. Mwite jina polepole, mwambie yuko wapi na leo ni siku gani. Wengi hukosea hapa: humwambia afumbe macho avute pumzi, kumbe kufumba macho kunaweza kumpeleka mbali zaidi. Ayaache wazi. Akanyage sakafu kwa nyayo zote, ashike maji ya baridi, ataje vitu 5 anavyoviona, 4 anavyogusa, 3 anavyosikia, 2 anavyonusa (mawese yanayochemka jikoni ni msaada mkubwa), 1 anachoonja.

Maneno ya hisia yasubiri atulie. Anzia mwilini, mpe mawili achague: "Koo linakaba, au kifua kinabana?" Kiswahili kinambeba hapa, maana tayari tunasema tumbo joto, moyo mzito. Jioni aandike mstari mmoja daftarini: sehemu ya mwili, ukali kuanzia 0 hadi 10, na kilichotangulia. Baada ya wiki 2 msome pamoja. Jina la hisia alitaje yeye; ukimtajia wewe, atakubali tu ili umwache.

Anayezubaa ghafla kwa sekunde chache, haitiki hata ukimgusa, kope zinapepesa, kisha anaendelea kama hakuna kitu, huenda ana kifafa. Apimwe hospitali ya Maweni kabla ya kusemwa ana majini. Anayejikata au kusema anataka kufa asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, haina malipo.